Mitarakwa ya Wanyoike

Kabla kampuni yao ya kununua mashamba haijalichukua lile shamba la mzungu nje ya Eldoret, Wanyoike alikwenda kulitazama. Wenzake walifikicha udongo viganjani. Yeye, fundi seremala, aliingia msituni akakwangua magome kwa panga.

"Kuna mitarakwa, Mama Wahu," alimwambia mkewe, Waithira, aliporudi. "Moyo wake mwekundu, unanukia kama penseli. Ukichimbia nguzo ya moyo ule, mchwa wanaipita. Nitakujengea nyumba wajukuu wairithi."

Waithira, aliyezaliwa na kuolewa katika vibanda vya vibarua, alicheka tu, akampakata mtoto wao Wahu.

Walipogawiwa kipande chao, masika yalikuwa yanabisha hodi. Wakakuta mitarakwa yote imekatwa. Wakubwa wa kampuni walikuwa wameiuza kabla kura ya kugawa vipande haijapigwa. Podo nazo, miti yenye mbao nyeupe zisizo na harufu na laini kwa randa, zilikuwa zimekwenda. Wanyoike alipiga magoti kwenye kisiki chekundu, akakinusa. Kilichobaki kilikuwa mikaratusi ya mpakani.

"Jenga na hiyo," Waithira alisema.

"Ni mibichi, na nyuzi zake zimejisokota. Ikianza kukauka itapinda na kupasuka."

"Mvua itatungoja mpaka ikauke? Mtoto atalala wapi?"

Akajenga. Kila ubao ulikuwa mzito kama jiwe, unatoka maji chini ya msumeno, naye alijua anachokifanya. Haukupita muda mbao zikaachana hata mkono ukapenya, na mlango ukakataa kufungika. Waliziba nyufa kwa magunia na udongo, udongo ukaanguka. Baridi ya Uasin Gishu ikaingia, ikakaa humo kama mwenye nyumba. Wahu akaanza kukohoa.

Walimbeba hadi hospitali ya misheni kule Plateau. Masista walijitahidi, lakini kifua kilikuwa kimekwisha kujaa.

Abdi, mwenye lori pale mjini, ndiye aliyewarudisha na maiti. Aliwaletea pia mbao za sanduku. Wanyoike alipopitisha randa, ganda la kwanza la ubao lilijikunja jekundu, na harufu ya penseli ikajaa ua mzima. Mikono ikasimama.

"Umezitoa wapi hizi?"

Abdi aliinamisha kichwa. "Hapa hapa, Mzee. Ni mimi niliibeba ile miti. Hizi nilibakisha za kutengeneza bodi ya lori. Sikujua ilikuwa imeahidiwa mtu."

Wanyoike akaendelea kuranda. Alitengeneza sanduku dogo ambalo viungo vyake vilishikana hata ukucha usipite.

Waithira alipapasa kifuniko. "Hii mchwa hawaili?"

"Hawaili."

"Basi mtoto amepata nyumba," alisema, bila machozi.

Walimzika kando ya visiki, mvua ikaanza, majirani wakatawanyika. Wawili hao wakarudi katika nyumba ya mikaratusi, maana hawakuwa na nyingine. Upepo ulipenya mbao kwa mbao. Tangu siku hiyo hakuna aliyeziba nyufa.