Jibu la Mama Boazi

Mdoli wa mazoezi wa chuo cha uuguzi ana raha yake: hafi. Kifua chake kilikwisha pasuka zamani, hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo mwalimu Danford husimama nyuma ya mwanafunzi na kumsemea mdoli. Mwanafunzi hutaja kwa sauti kila afanyalo, kisha huuliza kama kifua kinapanda, na mwalimu humjibu. Ukiendelea kabla ya jibu, umepoteza alama. Tusekile, binti wa Ileje, hakuwahi kupoteza hata moja, na wenzake walimwonea kijicho waziwazi.

Wiki ya pili ya mafunzo wodini, mchana, alibaki na Boazi, mtoto wa miezi mitano aliyeletwa na mama yake kutoka Ndalambo akiwa hoi kwa nimonia. Sista Loisi, mkuu wa zamu, alikuwa ametoka mbio kufuata mtungi wa oksijeni. Kabla hajarudi, mtoto akaacha kupumua.

Tusekile hakubabaika, tumpe haki yake. Alikiweka kichwa sawa, akafunika mdomo na pua kwa barakoa, akabana mfuko wa hewa mara tano, huku akitaja kila hatua. Kisha akauliza, "Kifua kinapanda?"

Akangoja.

Mazoea yana taabu. Kifua kilikuwa hapo hapo chini ya macho yake, kitupu, lakini masikio yalikuwa yakisubiri sauti ya mwalimu kutoka nyuma, na mikono ilikuwa imetulia juu ya mfuko. Sekunde zilipita ngapi, hajui hadi leo. Sauti ilitoka upande wa pili wa kitanda.

"Hakipandi, nesi," alisema mama Boazi.

Hapo ndipo alipozinduka. Akaikaza barakoa, akabana tena, na safari hii kifua kikapanda. Sista Loisi akaja, wakapokezana mpaka mikono ikawafa ganzi. Boazi hakurudi.

Sista alimwambia kwamba mtoto aliletwa akiwa amekwisha kuchoka, hata bingwa asingemwokoa. Tusekile hakumwamini. Alinawa uso, akaenda kumwambia mama ukweli, hata kama angetukanwa au kufukuzwa chuo.

Alimkuta kwenye benchi, amempakata mwanawe ndani ya kitenge. Kabla hajafungua kinywa, mama alimshika mkono.

"Nakushukuru, mwanangu. Wengine wanatutoa nje, hatuambiwi kitu. Wewe uliniuliza, ukasubiri mpaka nikakujibu."

Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Tusekile akaumeza.

"Pole, mama," alisema.