Uzito wa Ng'ombe Gaju

Ilikuwa mwaka 2019, mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, wakati ambapo vumbi jeusi la lava huingia hata ndani ya sufuria zilizofunikwa. Asubuhi moja Mukabalisa aliketi mbele ya nyumba yake ya mbao katika mtaa wa Katoyi, mjini Goma, akichambua maharage. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la chuma lenye barua na kumbukumbu zote za shamba la marehemu baba yake, muzee Niyibizi, aliyelima milima ya Rutshuru tangu ujana wake hadi kufa, na aliyeandika kila alichopanda, kila alichovuna na kila mnyama aliyezaliwa zizini mwake.

Familia ilipokimbia vita, Mukabalisa alilibeba sanduku hilo kichwani hadi Goma, wala shingo haikumuuma. Lakini karatasi za shamba zikikaa muda mrefu juu ya mwamba wa lava bila kuona udongo, huanza kuwa na uzito wa mambo yaliyoandikwa ndani yake. Jambo hilo lilifahamika Katoyi. Sanduku la Mukabalisa lilivunja kwanza mbao za sakafu, kisha likatua juu ya jiwe, na hapo likatulia. Mukabalisa aliwakataza wajukuu kucheza karibu nalo, akaendelea na shughuli zake.

Asubuhi hiyo ndugu yake mdogo, Evariste, aliwasili kutoka Rutshuru akiwa na mwenye chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, aliyemkodi kituoni ili achukue sanduku. Evariste alikuwa amepata mnunuzi wa shamba la bondeni, na mnunuzi alitaka kuona karatasi inayoeleza jinsi shamba hilo lilivyofika mikononi mwa familia. Habari za mauzo zilikuwa zimemfikia pia Uwamariya, muuza makaa wa mtaa huo huo, naye akaja akiwa bado na masizi mikononi. Shamba la bondeni lilikuwa zamani la baba yake, Nsanzimana, na Nsanzimana alizikwa ukingoni mwake.

"Mama Mukabalisa, mimi sikuje kugombana," akasema Uwamariya. "Kaburi ya papa iko mule. Mutamuuzisha pamoja na shamba?"

"Papa yako alikula ng'ombe ya batu," akajibu Evariste. "Angerudisha, angelala kwake."

Kwa watu wa milima ile, anayepewa ng'ombe humrudishia mtoaji mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Kumbukumbu za muzee Niyibizi zilisema kwamba alimpa Nsanzimana ng'ombe aliyeitwa Gaju, kwamba Nsanzimana hakurudisha mtamba, na kwamba kwa sababu hiyo alinyang'anywa shamba la bondeni mbele ya wazee. Mukabalisa aliyajua hayo kama alivyoijua sala ya asubuhi. Hakuwahi kununua makaa kwa Uwamariya hata siku moja.

Mwenye chukudu aliingia ndani, akalivuta sanduku, akatoka akijishika kiuno.

"Mama, mule munaweka nini? Kanisa?"

"Ni barua za papa."

"Basi papa alikuwa mutu ya nguvu. Mimi ninalipisha kwa kilo."

Ikabidi aitwe Kanyere, jirani muuza maharage, aje na mizani yake ya kuning'iniza. Sanduku lilifunguliwa pale pale lilipokuwa, karatasi zikatolewa moja moja. Barua iliyotaja debe la mtama ilikuwa na uzito wa debe la mtama. Barua ya shangazi aliyelalamikia jino ilikuwa na uzito wa jino. Karatasi ya mavuno ya viazi ilikata ndoano ya mizani, na Kanyere akaenda kuleta ndoano nyingine huku akisema kwamba viazi vya Rutshuru vilikuwa hivyo tangu zamani. Kila karatasi iliyotaja ng'ombe ilitolewa na wanaume wanne walioitwa kutoka mtaani, wakapumzika mlangoni, kisha wakaendelea.

Hatimaye Evariste aliiona aliyoitafuta. Akapanua miguu, akavuta pumzi, akaishika kwa mikono yote miwili. Karatasi iliinuka kwa urahisi kiasi kwamba nusura aanguke chali. Upepo wa ziwa uliopita mlangoni ukaipokonya, ukaizungusha, ukaitua juu ya kitambaa cha kichwani cha Kanyere. Kanyere akaitundika kwenye mizani. Mshale haukutikisika.

"Iyi haina ng'ombe ndani," akasema. "Ata mukia haiko."

"Imekauka," akasema Evariste.

"Na ile ya viazi, iko mubichi?"

Wanaume walicheka. Mukabalisa hakucheka. Chini ya sanduku ilibaki karatasi moja ambayo wote wanne walishindwa kuiinua, kwa hiyo alipiga magoti, akavaa miwani yake, akaisoma ilipokuwa. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, tarehe ilikuwa ya mwaka uliofuata: *Leo Gaju amezaa mtamba zizini kwetu.*

"Zizini kwetu," akarudia Mukabalisa.

"Ndiyo, kwenu," akasema Uwamariya kutoka mlangoni. "Gaju alizaliwa kwetu. Papa yangu njo alimuleta kwenu, wakati mama yenu alikosa maziwa ya kunyonyesha Evariste. Batu bote ba kilima banajua. Ni nyinyi tu hamujue."

Mukabalisa alikuwa na umri wa miaka saba wakati huo. Alikumbuka vizuri: Nsanzimana akipanda njia ya kilima, ng'ombe mwekundu mbele yake, na mama yake akitoka nje na mtoto mgongoni, akicheka. Kwa maisha yake yote aliiweka picha hiyo katika akili yake kama siku ambayo Nsanzimana alipewa ng'ombe. Haikumjia hata mara moja kujiuliza kwa nini mtu anayekwenda kupokea ng'ombe afike naye, kisha ashuke kilima peke yake.

Mukabalisa alivua miwani. Baba yake alipokea ng'ombe, akabaki na mtamba, akaandika kinyume chake, kisha kwa mtamba huo huo akachukua shamba. Kanyere alimsogezea gunia la maharage, naye akaketi juu yake.

"Dada, papa ni papa," akasema Evariste.

"Ulikunywa maziwa ya uyu ng'ombe, Evariste. Ulipona juu yake."

"Nilikuwa mutoto. Na ku bilo banasoma, habapime." Aliikunja karatasi nyepesi, akaitia katika mfuko wa shati, akaondoka. Hata mwenye chukudu hakumlipa vizuri.

Ofisini karatasi ilisomwa, haikupimwa. Shamba liliuzwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mnunuzi alijenga ukuta wa mawe, na msingi wake ukapita juu ya kaburi la Nsanzimana. Mukabalisa alikwenda kwa wazee, akaenda kwa chifu, akaenda kwa padri. Wote walikubali kwamba karatasi haikuwa na uzito, na wote walisema kwamba muhuri ulikuwa umekwisha kupigwa.

Mukabalisa alikuwa na mtamba mmoja aliyemweka kwa mchunga ng'ombe huko Masisi, kwa ajili ya mahari ya mjukuu wake wa kwanza. Mwezi wa Septemba, mvua zilipoanza, alimleta Goma kwa lori. Mjukuu alinuna, hakumsaidia kumshusha. Mukabalisa alimwongoza mwenyewe juu ya mawe hadi kwenye kibanda cha makaa cha Uwamariya, Kanyere akimfuata nyuma, kwa kuwa jambo kama hilo halifanywi bila shahidi.

"Uyu nitamulisha nini, Mama?" akauliza Uwamariya. "Hapa ni mawe tu. Shamba imekwisha kwenda."

"Sijui," akasema Mukabalisa. "Lakini ni wako, tangu mbele ya kuzaliwa kwako."

Uwamariya alifuta masizi kwenye kitenge chake, mkono mmoja kisha wa pili. Ndipo Mukabalisa akampa kamba.