Mbwa Asiyekubali Kulazwa

Mwalimu Ardis Tollefson alitufundisha Kiingereza karibu sote hapa mjini kwetu, Iowa, mpaka akastaafu. Hakuna kosa lililomkera kama kuchanganya "lie" na "lay". "Moja ni kulala, nyingine ni kulaza," alikuwa akisema. "Wewe unalala. Mtoto ndiye unamlaza."

Mdogo wake Wendell, mfuga nguruwe, hakujali hata kidogo. Akishashiba tu, "Ngoja nikalaze kidogo."

"Ukamlaze nani?" dada yake humrukia.

"Dada, nimechoka, niache."

Alipostaafu, Ardis akafuga mbwa, Juno, akamfunza mwenyewe. Agosti akamwandikisha kwenye mashindano ya utii wa mbwa katika maonyesho ya mifugo ya kaunti. Asubuhi ya siku yenyewe akaamka mafua yamemkausha sauti, hatoi hata neno. Na sheria ilitaka mbwa aamriwe kwa sauti, si kwa ishara. Ikabidi Wendell aingie uwanjani badala yake.

Juno akakaa, akafuata, akasimama alipoambiwa, kazi safi kabisa. Ikabaki amri ya mwisho.

"Juno, laza!"

Mbwa akamtazama.

"Laza, we!"

Juno akageuza kichwa huku na huku, kana kwamba anatafuta cha kulaza. Jukwaani tukaanza kucheka, maana wengi wetu tulipita mikononi mwa Ardis.

"Amlaze nani, Wendell?" mtu akapaza sauti.

Wendell akaiva uso. Akamtupia jicho dada yake, aliyeshika uzio kwa mikono miwili. Kisha akakohoa, akavua kofia, akatamka polepole kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa:

"Juno. Lala."

Mbwa akajibwaga chini, kidevu kwenye nyasi. Tulipiga makofi mpaka nguruwe wakapiga kelele mabandani.

Kwa kuchelewa kule walipata utepe mwekundu, wa nafasi ya pili. Mlangoni jirani mmoja akamchokoza Wendell: "Umeshindwa na mbwa, bwana!"

"Nani kashindwa?" Wendell akamjia juu. "Huyu kafundishwa na dada yangu. Dada yangu hafundishi ovyo, mnajua nyote."

Ardis hakuwa na sauti ya kumjibu. Aliuchukua ule utepe, akampita mbwa, akaubandika kifuani kwa mdogo wake. Wendell akashinda nao siku nzima, akitembea wima, na kila aliyeuliza alisimuliwa habari yote tangu mwanzo.