Viza ya Kirikuu

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Mwalimu Auleria alitoa meza ya plastiki barazani kwake Chamazi, akafungua daftari jipya na kupiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza aliiandika Siku, ya pili Tutakapolala, ya tatu Kilomita, na ya nne, pana kuliko zote, Tutakachoona. Mumewe, Gaudens, alikuwa uani akiwachanganyia kuku pumba na dagaa.

Walikuwa wanapanga likizo. Walitaka kuizunguka nchi nzima ya kisiwa kwa gari, siku kumi, wakiendesha wenyewe. Nchi yenyewe iko kaskazini kabisa, na jina lake Gaudens hakuwahi kulitamka likafika mwisho, kwa hiyo pale nyumbani walisema Kisiwani tu.

Auleria alifundisha jiografia shule ya msingi Temeke kwa miaka thelathini na mbili. Alifundisha volkano, chemchemi za maji moto na mito ya barafu inayosogea polepole kuelekea baharini, yote ubaoni, kwa chaki nyeupe na ya bluu. Kila mwaka mtoto mmoja alinyoosha mkono kuuliza kama mwalimu ameshaiona hiyo barafu, na kila mwaka alijibu kwamba bado. Alipostaafu, jibu hilo alistaafu nalo, likawa linamkosesha raha akiwa anaosha vyombo.

Gaudens naye alikuwa dereva wa wizara. Aliwapeleka wakubwa kila mkoa, akawasubiri nje ya kila hoteli. Alikubali safari kwa sharti moja, kwamba hatakwenda likizo na gari la mtu mwingine. Wangekwenda na kirikuu chao.

Kirikuu hicho kilikuwa kigari cheupe cha mizigo, viti viwili mbele, injini chini ya viti, bodi wazi nyuma. Kilikuwa na miaka ishirini na sita na kazi yake ilikuwa kubeba pumba na trei za mayai. Fomu za viza zilikuwa na sehemu ya chombo cha usafiri, na Gaudens, ambaye hajawahi kuacha fomu na mwanya, alikijazia kirikuu fomu kamili. Mahali pa kuzaliwa aliandika Japani. Hali ya ndoa aliandika hakina. Kwenye dini alifikiri kidogo, akaandika kwamba hajawahi kukiuliza.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Mzee Mwishehe, aliwaandikia barua tatu za utambulisho, kwa kuwa fomu zilikuwa tatu. Ya kirikuu ndiyo ilikuwa ndefu. Alisema anakifahamu kwa miaka tisa, hakina kesi wala ugomvi na jirani, na kwamba ndicho kilichompeleka binti yake kujifungua siku ya mvua kubwa, wakati magari mengine yote yalikuwa yamezimika njiani.

Siku ya usaili walikwenda ubalozini mjini wote watatu, wao wawili na kirikuu. Nyuma ya kioo alikaa dada mmoja aliyevaa miwani, ambaye alimtazama Auleria na kusimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si Loveness? Ulikuwa unakaa dirishani, darasa la sita."

Loveness alikiri. Alisema ofisi imeshampeleka Kisiwani mara tatu kwa mafunzo. Auleria akasogeza kiti karibu na kioo, akamwuliza kama ni kweli barafu ile kwa ndani ni bluu.

"Bluu kabisa, mwalimu. Kama ulivyokuwa unaichora."

Auleria alifurahi sana, akamwambia Gaudens, ambaye alikuwa amesikia. Kisha Loveness alikaa chini na kusema swali linalofuata limeandikwa na wenyewe, yeye hana namna. Alitakiwa kujua ni kitu gani kitamrudisha mwalimu Tanzania.

Auleria alitaja nyumba. Alitaja kuku sitini. Alimtaja mumewe, na Loveness akamkumbusha kwa upole kwamba mume naye yumo safarini.

"Sasa kwa nini nisirudi?" Auleria aliuliza. "Kwangu si ni huku?"

Loveness aliandika kwamba mwombaji hakutoa sababu. Gaudens alipoulizwa, alieleza kwamba kwa miaka thelathini na moja hakuna safari aliyokwenda asirudi, na kwake iliandikwa kwamba mwombaji ana mazoea ya kusafiri. Halafu Loveness alichukua faili la tatu, akatoka hadi maegesho, akakiuliza kirikuu swali hilo hilo. Kirikuu kilidondosha oili. Loveness aliinama akatazama, akauliza kama hata nyumbani kinadondosha. Gaudens aliona haya, lakini alisema kweli: kinadondosha, tena mahali palepale kila siku, na uani kwao pana doa jeusi ambalo halijakauka miaka tisa. Loveness alimwomba apige picha ya doa hilo na kumtumia.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Auleria alinyimwa. Gaudens alinyimwa. Kirikuu kilipewa siku kumi na nne, kwa sababu kilikuwa kimeonyesha uhusiano thabiti na makazi yake.

Gaudens aliisoma barua mara mbili, akampa mkewe. Auleria aliisoma, akaiweka chini ya sahani ya matunda, akaenda kuanua nguo. Usiku huo na uliofuata hawakuizungumzia. Makoti mawili mazito waliyochagua kwenye mitumba ya Karume yalibaki yananing'inia nyuma ya mlango, na Gaudens kila akipita aliyapangusa vumbi.

Jumatatu alfajiri walikikuta kirikuu kimewasha taa. Auleria alikizunguka mara moja. Alifungua mlango, akaliweka daftari la safari kwenye kiti cha abiria, wazi ukurasa wa siku ya kwanza, na koti lake akalitandika juu ya kiti cha dereva ili injini isipate baridi. Gaudens alifungua geti. Kirikuu kilitoka, kikampisha mwenye toroli la maji, kikaondoka zake.

Siku ya sita ilifika postikadi. Mbele ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, na nyuma, mahali pa maneno, palikuwa na alama ya tairi. Bi Shamimu, jirani anayekaanga vitumbua, alikuja kuitazama akasema mwandiko unasomeka vizuri. Auleria aliikwangua ile alama kwa ukucha, akasugua unga wake kati ya vidole, akanusa.

"Majivu ya volkano," alimwambia mumewe. "Kimefika siku ya tatu kwenye daftari. Kimechelewa kidogo, lakini kinafuata ratiba."

Kuanzia hapo waliizungumzia tena safari. Jioni walikaa barazani na kukisia kiko wapi. Gaudens alikuwa na wasiwasi na breki, maana kule kuna miteremko. Auleria alimtuliza, akimweleza kila mteremko kwa jina na urefu wake.

Kilirudi siku ya kumi na tatu, mchana, kikiendesha upande wa kulia kama wafanyavyo kule. Bi Shamimu alisogeza meza yake ya vitumbua kukipisha, akakipa pole ya safari. Kilikuwa kimenasa manyoya ya kondoo kwenye kioo cha pembeni, na nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, kilikuwa kimebeba bonge la barafu lenye ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja. Lilikuwa bluu.

Auleria aliweka viganja vyote viwili juu yake, akaviacha hapo mpaka Gaudens akamwambia atavibabua. Kisha alipiga simu shuleni. Darasa la sita lilikuja kwa mstari, na mwalimu mstaafu aliwaonyesha viputo vidogo ndani ya barafu, akaeleza kwamba ni hewa iliyofungiwa humo kabla mji wa Dar es Salaam haujakuwapo. Watoto walilamba, wakasema haina sukari. Kufika saa tisa bonge lote lilikuwa limeyeyuka, na kuku sitini waliyanywa maji yake bila haraka.

Kwa kuwa kilirudi siku moja kabla ya muda kwisha, kirikuu kiliongezewa viza ya miaka mitano, kuingia na kutoka kitakavyo. Auleria aliomba tena na kunyimwa tena, safari hii kwa sababu hana historia ya kusafiri. Loveness alimpigia simu baada ya kazi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba maombi hupokelewa vizuri yakiwa na barua ya mwaliko kutoka kwa mtu anayefahamika kule.

"Nani ananifahamu mie kule?" Auleria aliuliza.

Loveness alisema kirikuu kinafahamika.

Mwaliko uliandikwa, kirikuu kikaupigia mhuri wa tairi. Jibu lilikuja haraka kuliko yote yaliyotangulia. Mwaliko wenyewe ulikubaliwa kuwa halali, ila mwalikaji na mwalikwa hawakuwa ndugu wa damu.

Mwezi wa nane kirikuu kiliondoka tena, mara hii kuelekea pwani ya kusini ya Kisiwani. Auleria na Gaudens walikisindikiza hadi barabara kubwa. Walipitia kwanza kwa muuza pumba, na kwa kuwa gari linasafiri, Gaudens aliweka kiroba begani. Kwenye kituo cha daladala Auleria alikiinamia dirishani.

"Ukishavuka daraja la pili punguza mwendo," alikiambia. "Pale pana upepo wa pembeni, utakusukuma. Na mchanga ule mweusi usiukanyage, ni laini kuliko unavyoonekana."

Kirikuu kilipiga honi moja, kikawasha indiketa na kuingia barabarani. Auleria alingoja mpaka kikapotea nyuma ya lori la mchanga, halafu yeye na mumewe wakarudi nyumbani kwa miguu.