Asali ya Bwana Nyuki

Hakuna anayeijua habari ya asali ile kuliko mimi. Niliona yote kwa macho yangu haya, isipokuwa mwanzo, maana nilikuwa nasinzia, na katikati, maana miwani nilikuwa nimeikalia.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la pembejeo, wanawake wa kikundi wamekaa juu ya magunia ya mbolea. Mbele alisimama Bwana Nyuki wa wilaya na koti lake la kaki. Shangazi, mwenyekiti wa kikundi, akamwuliza lile lile la kila mkutano: mizinga tuliyoahidiwa iko wapi? Mizinga yake ya zamani iliungua moto wa kusafisha shamba ulipomshinda jirani. Nyuki wake walikuwa wamening'inia kwenye boriti za ghala, fungu moja jeusi, wametulia kama wapangaji waliotolewa vyombo nje. Mvua zikianza wangehama, na Shangazi hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

"Mizinga iko njiani," akasema Bwana Nyuki.

Nyuki wakashuka, wakaingia kwenye koti lake kupitia kola, kwa utaratibu, bila kusukumana. Bwana Nyuki akajikuna shingo, akaendelea na ajenda. Koti lilikuwa kubwa na ndani hapakuwa na mtu mwingi.

Mkutano uliofuata alisema mizinga imekwama kwenye bohari. Asali ikamtoka mkono wa kushoto wa koti, ikadondokea sakafuni. Fundi cherehani, shoga yake Shangazi, akasogeza sufuria.

"Endelea, mwanangu. Na dereva je?"

"Dereva anaumwa."

Sufuria ikafika nusu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekosa mkutano. Watu walikuja na ndoo na vitambaa vya kuchujia, wakajifunza kuuliza. Swali la dereva lilitoa asali nyepesi. La bajeti lilitoa nzito, nyeusi kidogo, wenye kikohozi waliipenda. Alipogusia usawa wa kijinsia, yalitoka masega mazima.

Kisha siku moja alichoka.

"Mama zangu, niwaambie kweli. Mizinga iko shambani kwa Mkuu wangu. Yote."

Mkono wa koti ukakauka. Wanawake wakachungulia ndoo zao.

"Sasa hii nayo ndiyo nini?" akasema fundi cherehani. "Tumetoka mbali hivi, we unatuletea ukavu?"

"Hana hata aibu," akadakia mwingine.

Bwana Nyuki akaomba radhi, akasema alikuwa anatania, mizinga iko njiani. Ndoo zikajaa.

Shangazi peke yake hakuchota. Alikuwa anasikiliza. Wiki hiyo koti lilibana, na kundi likagawanyika kama makundi yanavyogawanyika nyumba ikijaa. Nusu wakahamia kwenye mikono ya gauni lake. Akawapokea kwa furaha, akawaambia wavumilie kidogo, Mkuu anakuja kukagua mradi, atamwuliza mbele za watu.

"Shoga, fikiria," fundi cherehani alimbembeleza. "Ukipata mizinga tutaanza kupanda miti na kuvimba nyuso. Hivi sasa tunavuna tumekaa."

"Wewe unavuna. Mimi nataka kufuga."

Mkuu alikuja na viatu vinavyong'aa. Akaonja asali, akafumba macho, akasema wilaya nzima haijapata kutoa asali kama hii, na kikundi hiki kitakuwa cha mfano. Bwana Nyuki alisimama nyuma yake, anachuruzika taratibu kwenye beseni alilowekewa. Hakuna aliyelitazama beseni, ila kuona kama linakaribia kujaa.

"Sasa mwenyekiti atuambie," Mkuu akasema, akimtazama Shangazi bila kupepesa. "Mizinga mlipokea?"

Shangazi akasimama. Maneno aliyapanga tangu alfajiri. Akaona mvua inajikusanya dirishani. Akaona wenzake wote wameshika ndoo zao, hakuna anayemtazama usoni, na fundi cherehani anamvuta gauni kwa chini.

"Tulipokea yote, baba," akasema. "Tunashukuru sana."

Tone likaanguka karibu na kiatu kinachong'aa, zito, jeusi kidogo. Mkuu akalifuata kwa macho, akapanda nalo hadi kwenye kiwiko cha Shangazi.

"Hiyo nini, mama?"

"Jasho," akasema Shangazi, na mkono wa pili nao ukaanza.