Ulimi wa Shemasi Ok-bun

Kila Novemba kanisa letu la Boseong hutengeneza kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, ya kuwatosha wajane wa mji mzima hadi baridi iishe, na kwa miaka mingi msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Shemasi Maeng Ok-bun. Alikuwa mwanamke wa maombi. Hakukosa ibada ya alfajiri hata theluji ilipofika magotini. Ila alikuwa na ulimi, nasi tuliuzoea kama watu wanavyomzoea mbwa mkali wa jirani.

Mwaka ule tulikuwa na mgeni, Seol Mi-ran, mke wa fundi wa boila. Alikuwa ameanza kusali nasi majira ya machipuko, na mumewe hakupenda. Akapewa kabichi azitie chumvi. Akainyunyiza juu juu tu, majani ya ndani yakabaki bila kitu. Ok-bun akaifunua kabichi moja mbele ya wanawake wote.

"Dada, mikono hii ni yako au umeazima?" akasema. "Hata mjane ana ulimi wa kuonja. Kakae kule uoshe ndoo."

Wanawake wakacheka. Mi-ran naye akacheka kidogo, akaosha ndoo, akaenda zake. Kanisani hakurudi tena.

Ok-bun hakuoanisha mambo hayo mawili. Aliona tu nafasi iliyo wazi kwenye benchi, akamtia Mi-ran katika maombi yake ya alfajiri, pamoja na mumewe Tak, ambaye alikuwa akimwombea kwa jina apate kuamini.

Januari boila ya kanisa, mtambo wa kupasha jengo joto, ikazimika, akaitwa Tak. Ok-bun akampelekea chai ya shayiri.

"Mkeo hajambo? Tumemkosa sana."

"Hajambo." Tak alikuwa amelala ubavu, kakaza macho kwenye bomba. "Mama, wewe ndiye wa kabichi?"

"Kabichi gani?"

"Basi ni wewe." Hakuonekana kukasirika. "Miezi yote ile namkataza kuja huku, hanisikii. Wewe ukamzuia kwa neno moja. Ningepaswa kukushukuru. Lakini Jumapili namwona amekaa jikoni, hana pa kwenda, na shukrani hainitoki."

Ok-bun akaondoka na kikombe mkononi, chai haijaguswa. Kesho yake alfajiri alipofika kwenye jina la Tak, akaishia hapo. Angemwombaje Mungu amfungulie mtu mlango alioufunga yeye mwenyewe?

Akachukua mtungi wa kimchi, akaenda kwa Mi-ran. Alisema ndiyo, alikosea, lakini siku ile kazi ilikuwa nyingi, na tena yeye ndivyo alivyoumbwa, moyoni hana neno na mtu. Mi-ran akaupokea mtungi kwa mikono miwili, akamshukuru, akafunga mlango. Njiani Ok-bun akajisikia mchafu kuliko alivyokwenda.

Akamwendea Mchungaji Ham, kijana wa umri wa mwanawe.

"Mchungaji, nataka kufunga na kuomba. Mungu aung'oe ulimi huu mara moja."

"Akiung'oa utaimba na nini?"

"Sitanii. Nimeokoka tangu msichana. Mbona bado niko hivi?"

Mchungaji akamsogezea kiti. "Mimi niliombewa hasira nikiwa chuoni. Muulize mke wangu kama imekwisha. Mungu anatulea tukue, mama, ila hana haraka kama yetu. Rudi kwa yule dada. Safari hii usibebe kitu, wala usijitetee."

Akarudi. Alisimama kizingitini, akainamisha kichwa.

"Nilikuaibisha mbele za watu. Sina sababu ya kukupa. Nisamehe."

Mi-ran akaegemea mlango. "Nilikuwa nimenunua aproni mpya kwa ajili ya siku ile," akasema. "Nilimwambia mume wangu, hawa ni dada zangu sasa." Akafuta macho. "Nimekusamehe, mama shemasi. Lakini kule siwezi kuingia tena. Usinibembeleze."

Zamani Ok-bun angebembeleza, angenukuu hata aya tatu. Alinyamaza, na kunyamaza kulimuuma. Machipuko yalipofika alisikia kwamba Mi-ran anasali katika kanisa dogo karibu na stesheni. Akafurahi, kisha akalia, maana furaha yenyewe ilikuwa na mwiba.

Msidhani alibadilika siku ile aliyoomba msamaha kizingitini. Wiki iyo hiyo alimkaripia muuza samaki, akageuka nusu ya njia kwenda kumwomba radhi. Mwaka uliofuata alikuwa akigeuka kabla hajatoka dukani. Siku moja alimsema mkwewe, mke wa mwanawe, kuhusu wali ulioungua, na papo hapo akaweka kijiko chini.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeanza tena."

"Mama, siku hizi unaomba msamaha chakula hakijapoa," mkwewe akasema. "Zamani tulisubiri hadi Pasaka."

Ok-bun akacheka, ingawa yalimchoma. Akavuta sufuria, akajipakulia ukoko.