Pasi ya Shemeji Lubinda

Shemeji yangu Lubinda aliinua ile pasi hadi sikioni, akaitikisa, akafumba macho kama mtu anayesikiliza saa mbovu. Kisha akaigeuza chini juu, akavihesabu vitundu vyake kimoja kimoja kwa ukucha, akalinusa tangi lake la maji, na mwisho akamuuliza binti wa duka swali ambalo naamini hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

"Mwanangu, mvuke wa hii ni mkavu au ni wa majimaji?"

Binti aliitwa Chipego. Jina lake lilibandikwa kifuani. Alinitazama mimi kwanza, kana kwamba niliyemleta mzee ndiye mwenye kujua namna ya kumtumia. Kweli nilikuwa nimemleta, lakini kumtumia hata dada yangu aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja hakuwahi kujua vizuri.

"Babu, mvuke ni mvuke," Chipego akasema.

"Nani kakudanganya?"

Hapo nikavuta kigoda nikaketi. Nilijua hatutoki dukani mapema.

Lubinda alifanya kazi ya reli tangu ujanani. Miaka mitatu ya mwanzo alikuwa mchochea moto wa garimoshi lililokwenda Mulobezi kubeba magogo, na miaka thelathini iliyofuata alikuwa kwenye injini za dizeli. Hiyo thelathini sijapata kuisikia hata siku moja. Hiyo mitatu naijua kama niliizaa mimi: kuni zilizopakiwa wapi, maji yaliyojazwa wapi, na jinsi mvuke wa kweli usivyoonekana kwa macho. "Ukiuona mweupe," husema, "huo umeshakata tamaa, unarudi kuwa maji." Mtu wa namna hiyo ukimwingiza kwenye duka la pasi za mvuke Livingstone, umejitakia.

Ila hatukwenda pale kwa mchezo. Wakati wa Krismasi, mvua zikiwa zimepamba moto, binti yake Mwangala alikuja kutoka Lusaka na mtoto wa miezi miwili, Sepiso, mjukuu wa kwanza. Lubinda alijitia kila kazi. Alifua nepi kwa mikono yake mwenyewe, akazianika nyuma ya nyumba, akazikunja vizuri, akazipanga kitandani akisubiri asifiwe. Hakuzipiga pasi. Tangu dada yangu Mukatimui afariki, pasi ilikuwa imekoma katika nyumba ile. Mzee mwenyewe alitembea na mashati yenye makunyanzi kama karatasi ya kufungia maandazi.

Kila mtu kwetu anajua nzi wa putsi. Hutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, mayai yanajificha kwenye mishono na pindo, na nguo ikivaliwa bila kupitiwa na moto, funza huingia katika ngozi. Sepiso aliota majipu matatu mgongoni. Tulipoyakamua, katika kila moja akatoka funza mnene, mweupe, mzima. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Mwangala hakumgombeza baba yake, na nadhani angemgombeza ingekuwa nafuu. Alifunga mizigo asubuhi ya pili yake, nepi zile akaziacha.

Sasa alikuwa anarudi Jumamosi kwa ibada ya kumkumbuka mama yake. Alipiga simu akasema, kwa adabu zote, kwamba yeye na mtoto watalala nyumba ya wageni. Lubinda alijibu, "Sawa, mwanangu," akakata simu, akaja kwangu akiwa na kandambili za rangi mbili tofauti. "Nosiku," akaniambia, "mjukuu wangu hatalala kwangu." Alisimama mlangoni pa jiko langu akisema hivyo, na mguu wake uliigusa pasi ya mkaa ninayozuilia mlango usibamizwe na upepo.

Ile pasi ilikuwa ya Mukatimui. Siku ya kugawana vitu vya marehemu niliichukua mimi, mdogo wake, na hapakuwa na wa kuninung'unikia. Lubinda aliitazama kidogo, kama alivyokuwa ameitazama mara nyingi, kisha akaniomba nimsindikize mjini siku ya pili yake, Jumatano, kununua pasi mpya. Nikakubali haraka kuliko ilivyotakiwa.

"Haya, nionyeshe yenye mvuke mwingi kuliko zote," alimwambia Chipego.

Dukani mle hununui kitu cha umeme kabla hakijachomekwa ukakiona kinafanya kazi. Chipego akaleta mashine ndefu ya kusimama, yenye mpira kama wa kumwagilia bustani na kichwa cha kupulizia nguo ikiwa imetundikwa. Akaijaza maji, akaiwasha. Baada ya muda ikaanza kunguruma, kisha ikatoa wingu hilo! Lubinda alirudi nyuma hatua moja, uso ukamng'aa. Kwa nukta chache nilimwona kijana wa miaka ishirini, mwenye masizi shingoni.

"Shemeji," nikamwambia, "usije ukaipigia honi."

"Nyamaza, mama. Hebu sikia inavyopumua."

"Walozi na maji!" Chipego akacheka, kwa ule utani wa Watonga kwetu. "Mkiyafuata bondeni, mkiyahama yakifurika, mwisho mnayatia hata kwenye pasi."

"Na Mtonga na ng'ombe wake je? Ukimpa pasi ataitafutia chuchu aikamue."

Wateja wawili waliokuwa wakiangalia majiko ya umeme wakasogea kutuangalia sisi. Lubinda akatia mkono mfukoni, akatoa nepi na kipande cha mshumaa. Akakwangua mshumaa kwa kisu kidogo, akaupenyeza ule unga mweupe ndani ya upindo wa nepi, mahali palipoachia mshono. Nilimwuliza anafanya nini.

"Natafuta moto unafika wapi. Juu ya kitambaa kila pasi ni hodari. Putsi hakai juu."

Chipego akaitundika nepi, akaipulizia juu mpaka chini kama picha ya kwenye boksi ilivyoelekeza. Lubinda akaifunua ile sehemu ya upindo. Unga wa mshumaa ulikuwa vilevile, na nepi ilikuwa imelowa. Akaushika kwa vidole, akaupikicha. Nilimhurumia. Mtu akimpenda mtu miaka hamsini kisha akamkamata anasema uongo, huwa na uso kama ule.

"Wingu jeupe," hatimaye akasema. "Nilijua, halafu nikajisahaulisha."

Pasi ya pili ilikuwa nyepesi, ya buluu, nzuri, inateleza yenyewe. Chipego aliisifia sana. Mshumaa ukalainika upande mmoja tu. Ya tatu ilikuwa imewekwa rafu ya chini, nzito, sura mbaya, yenye kitufe cha kufunga mvuke kabisa. "Hii watu hawaipendi," Chipego akakiri, "inachosha mkono." Akapitisha mara moja, nta haikuisha. Akapitisha tena.

"Unakimbia," Lubinda akamwambia. "Kaa nayo."

"Nikae nayo muda gani, Babu?"

Kisha akanigeukia mimi, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Nosiku. Dada yako alikuwa anakaa muda gani kwenye upindo?"

Nilijua jibu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Mukatimui alipofika kwenye upindo aliikandamiza pasi, akaimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, taratibu, kisha akasogea upana wa pasi na kuimba mstari wa pili. Nepi moja ilikuwa wimbo mzima. Taulo, vitambaa vya sahani, soksi, chupi za mumewe, vyote viliimbiwa. Nikamwambia Lubinda hivyo.

Miaka arobaini na mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti chake akimtania: unapiga pasi au unafanya ibada? Soksi zangu zinakwenda harusini? Sote tulikuwa tukicheka, hata Mukatimui. Hakuwahi kujitetea, na Lubinda, anayeuliza kila kitu katika dunia hii, hakuwahi kumwuliza.

Akamwomba Chipego pasi, akafunga mvuke, akaishusha juu ya upindo. Midomo yake ilicheza. Sauti haikutoka, lakini mimi niliujua wimbo kwa namna mabega yalivyokwenda. Alipoinua pasi, nta yote ilikuwa imeyeyuka na kuzama ndani ya kitambaa, imeacha doa la mafuta.

"Nifungie hii," akasema.

"Hutaki yenye mvuke mwingi tena?" Chipego akamwuliza.

"Mvuke ni wa mashati. Nepi za mtoto nitazipiga kavu."

Hadithi ingeishia hapo kama Livingstone ingekuwa mji wa aina nyingine. Alhamisi asubuhi, kabla Lubinda hajachomeka pasi yake hata mara moja, transfoma ya mtaa wetu ililipuka kwa mshindo uliowatoa kuku kwenye miti. Mafundi walikuja, wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakasema labda wiki ijayo. Ijumaa asubuhi nilimkuta amekaa barazani, boksi la pasi magotini, shuka na nepi zilizofuliwa zimejaa beseni mbili pembeni yake.

"Nimechagua vizuri," akaniambia. "Si nimechagua vizuri?"

"Umechagua vizuri sana, shemeji."

Hakuniomba. Ndilo lililoniudhi, kwamba hata wakati ule hakuniomba. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia, nikauondoa ule mzigo wa chuma mlangoni kwangu, na mlango ukajibamiza nyuma yangu. Njiani niliona aibu kwa jinsi ilivyochakaa. Nilikuwa nimemlilia dada yangu kanisani mbele za watu, nikaenda kukifanya kitu chake kizuizi cha mlango.

Lubinda aliipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante. Aliifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akapitisha kidole kwenye matundu ya hewa, na uso wake ukafunguka polepole.

"Kumbe ina tanuri," akasema. "Na hewa inaingilia huku. Nosiku, hiki ni kichwa cha garimoshi!"

Miaka yote ile mchochea moto aliishi na tanuri ndani ya nyumba, na hakuwahi kuinama akalitazama. Siku ile aliwasha mkaa kwa ufundi ambao sijauona kwa mtu mwingine, akachagua vipande, akapepea bila kurusha hata jivu moja. Alijaribu kwanza kwa mshumaa. Kisha akaanza, upindo kwa upindo, na safari hii sauti ilitoka. Anaimba vibaya, Mungu amsamehe. Mimi nilikunja. Tulimaliza jua likiwa limeegemea magharibi.

Jumamosi Mwangala aliteremka kwenye teksi na mtoto begani, akamwambia dereva asizime injini. Aliingia kusalimia tu. Baba yake alimsalimia, akambusu mtoto kichwani, halafu akatoka uani akajifanya anafunga bomba lililokuwa limefungwa. Mwangala akafika hadi mlango wa chumba, akaona kitanda kimetandikwa, nepi zimepangwa juu yake. Alikwenda akashika nepi ya juu, akapitisha kidole gumba kwenye upindo kutoka pembe hadi pembe, hivyohivyo alivyofanya mama yake. Kisha akaisogeza puani.

"Mama mdogo," akaniuliza, bila kugeuka, "nani amepiga hizi?"

Nikaelekeza kidevu uani. Alikaa kitandani, na nikamwona mabega yakitikisika, nami nikalia pia, kwa nini niseme uongo. Baada ya muda akajifuta, akamlaza Sepiso katikati ya shuka, akanipa mkoba wake wa pesa.

"Kamlipe dereva, aende."

Mtoto alilala kabla sijarudi. Lubinda alikuwa amekuja hadi kizingitini, anachungulia, haingii. Aliponiona alikohoa kidogo, akasema kwa sauti ya chini:

"Nosiku, pasi yako iko barazani, imeshapoa. Utaichukua lini?"

"Pasi ipi?" nikamwuliza.